Je, wajua kwa nini mawaziri wa Uingereza huogopa kamati ya wabunge 11 isiyoweza hata kuwatoza faini?

Kisheria, kamati ya Bunge la Uingereza ni kibogoyo. Mara ya mwisho Bunge la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, kumtoza mtu faini ilikuwa mwaka 1666. Kamati inaweza kumwita raia na kudai nyaraka, lakini haina mamlaka ya kumlazimisha mbunge au lodi (mjumbe wa baraza la juu) kufika mbele yake, na mawaziri karibu wote ni wabunge au malodi. Wanakuja kwa desturi tu, na kwa kuogopa aibu ya kiti kitupu mbele ya kamera. Mara nyingi hata kiapo hawaapishwi. Pamoja na hayo, Aprili 2018 Waziri wa Mambo ya Ndani alijibu swali moja la kamati, na siku nne baadaye hakuwa waziri tena.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mtanzania akisikia "kamati teule" huwaza ile inayoundwa kwa jambo moja kisha ikavunjwa, kama ile ya Richmond iliyotoa ripoti Februari 2008 na Waziri Mkuu akajiuzulu. Kamati tunazozizungumzia hapa ni za kudumu, ndugu wa kamati za kisekta za Dodoma au kamati za idara za Nairobi. Mfumo huu ulianza 1979: kila wizara ikawekewa kamati ya kuifuatilia. Polisi na uhamiaji viko chini ya Kamati ya Mambo ya Ndani, magereza na mahakama chini ya Kamati ya Haki, na tangu 2015 ipo Kamati ya Wanawake na Usawa. Suala la ubaguzi wa rangi huangukia zote tatu, na si mara moja limejikuta halina mwenyewe.

Kilichozipa kamati hizi nguvu ni badiliko la mwaka 2010. Zamani wanadhimu wa vyama ndio waliopanga nani aketi wapi, kwa hiyo mbunge msumbufu aliachwa nje. Sasa mwenyekiti huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri, na wajumbe huchaguliwa na wenzao wa chama. Viti vya uenyekiti hugawanywa kwa vyama kulingana na idadi ya wabunge, ndiyo maana wizara nyeti inaweza kufuatiliwa na kamati inayoongozwa na mpinzani. Mwaka 2018 serikali ilikuwa ya Conservative, lakini Kamati ya Mambo ya Ndani iliongozwa na Yvette Cooper wa Labour.

Tukitazame kisa hicho kwa karibu. Nchi ilikuwa imechafuka kwa sababu ya watu wa Windrush, yaani watu walioingia Uingereza kihalali kutoka visiwa vya Karibi miongo mingi nyuma, wengine wakiwa watoto, bila kupewa karatasi za kuthibitisha. Uzeeni wakaanza kufukuzwa kazi, kunyimwa matibabu, hata kuwekwa kizuizini na kurudishwa visiwani. Tarehe 25 Aprili kamati ilimsikiliza kwanza kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uhamiaji, aliyesema kuwa maofisa wamewekewa malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini, kanda kwa kanda. Kisha akaingia waziri, Amber Rudd. Cooper akamuuliza malengo hayo yaliwekwa lini. Waziri akajibu kwamba hawafanyi kazi kwa malengo ya namna hiyo.

Kesho yake ikabidi akiri bungeni kuwa malengo ya ndani ya ofisi yalikuwepo. Watu wakafukua ripoti ya mkaguzi wa mipaka ya Desemba 2015, ambayo ilikuwa hadharani muda wote: lengo la watu wanaoondoka kwa hiari lilikuwa 7,200, likapandishwa hadi 12,000. Tarehe 27 gazeti likachapisha waraka wa 2017 uliokuwa umenakiliwa kwa ofisi yake, ukitaja lengo la kuwaondoa kwa nguvu watu 12,800. Jumapili tarehe 29 akajiuzulu, akiandika kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia.

Angalia kilichomwondoa. Sera yenyewe ilikuwa na umri wa miaka, na wengi waliijua. Kilichomponza ni jibu lililorekodiwa neno kwa neno, likapingana na karatasi ya wizara yake mwenyewe. Kanuni za mawaziri zinasema waziri anayelidanganya Bunge kwa makusudi anategemewa kujiuzulu, na aliyekosea lazima asahihishe haraka iwezekanavyo. Silaha ya kamati ni hiyo: kumfanya waziri aseme jambo mahsusi, lenye tarehe na idadi, kisha wengine wenye nyaraka wamalizie kazi.

Ndiyo sababu mpangilio wa mashahidi si wa bahati nasibu. Kamati hutangaza hadidu za rejea na kukaribisha maoni ya maandishi, kwa kawaida kwa wiki kadhaa. Mtu yeyote anaweza kutuma, awe profesa, mama wa mfungwa au askari. Makatibu wa kamati huyasoma yote na kuwaandalia wajumbe muhtasari wenye maswali ya kuuliza. Vikao vya ushahidi huanza na waathirika na watafiti, wakafuata wakuu wa polisi au magereza, na waziri huja mwisho, wakati kila alichotaka kukwepa kimeshasemwa na mwingine. Rasimu ya ripoti huandaliwa kwa jina la mwenyekiti na kupitiwa faraghani aya kwa aya. Mjumbe akipinga aya, kura hupigwa na majina huingia kwenye kumbukumbu. Ripoti ikitoka, serikali ina miezi miwili ya kujibu kwa maandishi, pendekezo kwa pendekezo.

Uzuri wa kazi hii huonekana zaidi kwenye takwimu za polisi. Katika mwaka ulioishia Machi 2020, England na Wales zilirekodi upekuzi (askari kumsimamisha mtu na kumpekua) 6 kwa kila Wazungu 1,000, na upekuzi 54 kwa kila watu Weusi 1,000. Gawanya 54 kwa 6, unapata 9. Kila mwaka wakuu wa polisi huwa na majibu yao. Watasema idadi ya watu inayotumika kugawanyia ni ya sensa ya zamani, wakati miji imebadilika. Watasema anayepekuliwa mtaa fulani si lazima awe mkazi wake. Hoja hizo zina uzito kiasi, ila mjumbe aliyejiandaa huuliza swali jingine: upekuzi mwingi unasababishwa na nini, na katika mingapi kitu kilipatikana? Mwingi ni wa kutafuta dawa za kulevya, na mara nyingi askari huondoka mikono mitupu. Kuna pia tofauti ya sheria. Kwa kawaida askari lazima awe na sababu ya msingi ya kushuku, kwa mujibu wa sheria ya 1984. Lakini kifungu cha 60 cha sheria ya 1994 kinamruhusu ofisa kutangaza eneo ambamo yeyote anaweza kupekuliwa bila kushukiwa. Mhoji asiyetenganisha viwili hivi hupewa jibu la kimoja kwa swali la kingine, na dakika zake zimekwisha.

Tatizo jingine halisemwi sana: safu ya "kabila halikutajwa". Anayepekuliwa huulizwa ajitambulishe mwenyewe. Wanaokataa au wasioulizwa wakiongezeka, uwiano wote unaanza kuyumba, na wizara ina pa kujifichia.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni uchaguzi. Bunge likivunjwa, kamati na uchunguzi wake hufa. Kamati ya Mambo ya Ndani ilianza kuchunguza yaliyofanyika miaka 20 baada ya ripoti ya Macpherson ya 1999, ile iliyotoa mapendekezo 70 kufuatia mauaji ya kijana Mweusi Stephen Lawrence mwaka 1993 na kulikuta jeshi la polisi la London na ubaguzi wa kitaasisi. Uchaguzi wa Desemba 2019 ukaukata katikati. Ulipofufuliwa na ripoti kutoka Julai 2021, kichwa chake kilikuwa tayari kimebadilika kuwa miaka 22. Ndani yake kamati ilionya kuwa kwa mwendo uliokuwepo, polisi wasingefanana na jamii wanazolinda kwa angalau miaka 20 mingine.

La pili ni kupishana kwa mawaziri. Kati ya Mei 2010 na Julai 2024 wizara inayosimamia magereza iliongozwa na watu 10, mmoja wao mara mbili. Ahadi ya waziri aliyeondoka ina thamani ya risiti ya duka lililofungwa. La tatu ni lugha ya majibu. "Tunakubali kimsingi" mara nyingi maana yake hakuna fedha. "Tunaendelea kuliangalia" maana yake hapana. Mtu anayesoma majibu ya serikali atafute tarehe na jina la ofisa atakayewajibika; visipokuwepo, hakuna kilichoahidiwa.

Wakati mwingine hata kukataliwa huzaa kitu. Vipo vifungo visivyo na kikomo vilivyoanza kutolewa 2005 na kufutwa 2012, lakini waliokwisha hukumiwa wakaachwa humo humo, wengine kwa makosa ambayo adhabu yake ya kawaida ingekuwa miaka michache. Septemba 2022 Kamati ya Haki ilitaka wote wapangiwe adhabu upya. Februari 2023 serikali ikakataa. Mwenyekiti, Bob Neill, alikuwa wa chama tawala, na akaendelea kulisukuma kwa marekebisho ya muswada. Sheria ya 2024 haikuwapangia adhabu upya, ila muda wa chini wa kuishi chini ya leseni, yaani masharti ya usimamizi, baada ya kutoka ulipunguzwa kutoka miaka 10 hadi 3.

Kwa magereza kamati hutegemea sana macho ya Mkaguzi Mkuu. Tangu Novemba 2017 akikuta hali mbaya mno huandika barua ya dharura, inachapishwa, na waziri lazima ajibu hadharani ndani ya siku 28. Mei 2024 barua hiyo ilihusu gereza la Wandsworth, London. Miezi minane kabla, mahabusu alikuwa ametoroka humo akijishikiza chini ya lori la chakula. Wakaguzi walipofika wakakuta askari magereza bado hawana orodha ya kuaminika ya kuonyesha kila mfungwa yuko wapi.

Kabla ya 1979 kamati za namna hii hazikuwepo, na Wakenya walilipia pengo hilo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa 85 wa vuguvugu la Mau Mau walipelekwa kufanya kazi kwa nguvu. 11 wakafa kwa kupigwa. Tangazo la kwanza la serikali ya koloni lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa hakimu ukakuta majeraha ya kipigo. Wapinzani mjini London walikuwa na maswali ya bungeni na mijadala tu. Hakuna kamati iliyoweza kuwaketisha wakuu wa magereza ya Kenya mezani, mmoja mmoja, na kuwauliza nani aliidhinisha mpango ule. Mjadala wa 27 Julai ulipita usiku wa manane, na hotuba iliyouma zaidi ilitoka upande wa serikali, kwa Enoch Powell, aliyesema haiwezekani kuwa na viwango vya Kiafrika Afrika na vya Kiingereza nyumbani. (Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwashambulia wahamiaji kwa hotuba mwaka 1968.) Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alibaki kitini hadi uchaguzi wa Oktoba.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama katika Bunge hilo hilo na kukiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni. Malipo yaliyotangazwa siku hiyo yalikuwa pauni milioni 19.9, kwa wadai 5,228.