Kutomfunga mtumiaji hakulivunji genge

Kila habari za mauaji ya magenge ya Mexico zinaposambaa, naulizwa swali lilelile: si wahalalishe tu dawa za kulevya, magenge yakose riziki? Mimi ni mtafiti wa sera za dawa za kulevya, na swali hili linanigusa kwa sababu wanaouliza huchanganya mambo mawili.

Kumwondolea mtumiaji kosa la jinai ni jambo moja. Ureno ilifanya hivyo Julai 2001. Anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi mahakamani, bali mbele ya kamati inayoweza kumwelekeza kwenye matibabu. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yalishuka sana. Lakini kuuza kulibaki kosa, kwa hiyo mzigo uliendelea kutoka mikononi mwa walewale.

Mexico yenyewe iliacha kumshtaki mtumiaji mwaka 2009, akiwa na kokeini isiyozidi nusu gramu au bangi isiyozidi gramu 5. Risasi hazikukoma. Zingekomaje? Pesa za magenge hazitokani na nusu gramu mfukoni mwa mtu, zinatokana na shehena zinazovuka mpaka kuingia Marekani. Na kwa kuwa biashara ni haramu, anayedhulumiwa shehena hana mahakama ya kukimbilia. Deni linadaiwa kwa bunduki.

Kuhalalisha biashara, kama Uruguay ilivyofanya kwa bangi mwaka 2013, ndilo jambo la pili, na hilo ndilo linalogusa mapato ya genge. Hata hivyo magenge ya leo hayategemei dawa peke yake. Huko Michoacán, jimbo la Mexico, yanawatoza wakulima wa parachichi kwa nguvu, na kwingine yanaiba mafuta kwenye mabomba.

Kukamata vigogo nako kuna gharama zake. Ismael Zambada, mmoja wa viongozi wa genge la Sinaloa nchini Mexico, alitiwa mbaroni Marekani Julai 2024. Kufikia Septemba, makundi ya genge hilo yalikuwa yakiuana katika mji wa Culiacán, na wakazi wakijifungia ndani.

Wapinzani hunitajia Oregon, jimbo la Marekani, ambako wapiga kura waliondoa adhabu ya jinai kwa mtumiaji mwaka 2020, kisha bunge la jimbo likairudisha mwaka 2024. Ni hoja nzito, siikwepi. Ila fedha za matibabu zilichelewa kufika, huku fentanili, dawa ya kulevya kali mno, ikisambaa kwa kasi. Adhabu iliondolewa kabla ya huduma kuwa tayari.

Naunga mkono kwa moyo wote kutomfunga mraibu, kwa sababu ni mgonjwa. Ninachokataa ni kuwaahidi wazazi wa Culiacán kwamba sheria hiyo itawarudishia watoto wao waliotoweka. Wao wanahitaji waendesha mashtaka wanaochunguza mauaji hadi hukumu, benki zinazobanwa zinapopitisha fedha chafu, na Marekani inayozuia bunduki zake kuvuka mpaka kwenda kusini.