Rachel Carson hakuwanyima Waafrika dawa ya mbu

Hapa Mwanza, mazungumzo kuhusu malaria yanapokolea, husikika dai kwamba mwandishi wa Marekani Rachel Carson ndiye aliyefanya DDT, dawa ya kuua wadudu, ipigwe marufuku duniani, na kwamba watoto wa Afrika wakafa kwa sababu yake. Dai hilo si la kweli, tena linamwonea mtu aliyefariki mwaka 1964, miaka minane kabla Marekani haijazuia DDT mashambani, zuio ambalo halikugusa udhibiti wa magonjwa. Hata Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, unaruhusu itumike dhidi ya mbu.

Carson, mwanabiolojia wa bahari, alieleza wazi katika kitabu chake Silent Spring (1962) kwamba hasemi viuadudu visitumike kamwe. Alichopinga ni kumwagwa ovyo, akaonya pia kwamba wadudu wangejenga usugu. Onyo hilo linatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa. Dawa ya ukoko, yaani inayopuliziwa kwenye kuta za ndani ya nyumba na kubaki hapo, humuua mbu jike anapotua ukutani kupumzika baada ya kufyonza damu, lakini sumu ya aina hiyohiyo ikipuliziwa pia kwenye pamba, tuseme kule Magu au Kwimba, viluwiluwi vya mbu katika madimbwi ya jirani huipata kidogo kidogo, vinavyostahimili ndivyo vinavyokua na kuzaa, na hatimaye ukuta uliopuliziwa hauwadhuru tena.