Stroberi za Desemba: mkulima wa Japani anavyoudanganya mmea

Stroberi ya Japani ikiachwa nje shambani bila kuhangaishwa, huiva kuanzia mwezi Mei. Lakini keki ya Krismasi huko ni ya krimu nyeupe na stroberi nyekundu juu, na bei nzuri sokoni ni ya Desemba. Basi kazi kubwa ya mkulima, kwa jicho langu la bwana shamba, ni kuudanganya mmea kuhusu majira.

Kwanza lazima usikie baridi. Aina zinazolimwa sana huko hufanya maua siku zikifupika na joto likishuka, na Agosti ni joto kali. Wakulima wa Tochigi, mkoa unaoongoza kwa zao hili, walikuwa wakipandisha miche milimani hadi Senjogahara, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku hizi wapo wanaoilaza miche kwenye chumba chenye baridi na giza, kisha asubuhi wanaitoa juani. Mbolea ya naitrojeni nayo hupunguzwa, maana mche ulioshiba huota majani tu.

Miche ikishahamishiwa kwenye kitalunyumba, yaani nyumba ya nailoni ya kukuzia mimea, mwezi Septemba, mchezo unageuka: sasa isijue kabisa kwamba baridi imefika, la sivyo italala, iache kukua. Taa huwashwa ili kurefusha siku. Kuna na ujanja ninaoupenda kuliko hita yoyote: maji ya kisima, yenye nyuzi 15 hivi hata katikati ya baridi, hunyunyiziwa usiku juu ya nailoni ya ndani, joto lisitoroke.

Kuno, mkoani Shizuoka, walianza bila umeme, tangu enzi ya Meiji (1868–1912). Mteremko wao unatazama kusini, baharini, na miche hupandwa kwenye nyufa za ukuta wa mawe. Jiwe hunyonya jua mchana na kulirudisha usiku. Leo zege limechukua nafasi ya mawe mengi.

Huko, kuanzia Januari, familia hulipa kiingilio na kula stroberi papo hapo shambani, mara nyingi kwa dakika 30, huku kila mtu ameshika kikombe cha maziwa mazito ya sukari. Mimi maziwa siyataki. Chagua tunda lililoiva hadi chini ya kikonyo, ng'oa majani, anza kulila upande huo. Ncha ndiyo tamu zaidi, imalizie.

Utakuta pia matunda yaliyopinda. Ndani ya kitalunyumba huwekwa mzinga wa nyuki, na siku za mawingu na baridi nyuki hawatoki. Upande wa ua usiopata chavua haunenepi. Wageni huyapita. Utamu wake ni uleule, nami huanza na hayo.