Shada la maua ya fetrini: ni kitu gani, na linashikamana vipi

Ukitaja kuroni, yaani shada, mjini Bukavu, wengi wataona lile la maua linalopelekwa kaburini siku ya kilio. Shada la fetrini linafanana nalo kwa umbo tu. Ni duara lenye uwazi katikati, limezungushiwa maua ya kitambaa, na hutundikwa mlangoni au ukutani sebuleni. Ukichagua zambarau iliyokolea na nyeupe peke yake, wageni watakupa pole, kwa hiyo changanya rangi.

Fetrini ni kitambaa kisichofumwa. Kitenge kina nyuzi zinazopishana, ndiyo maana ukikikata bila kupinda ukingo kinaanza kufumuka. Fetrini haina nyuzi za kupishana: ni nyuzinyuzi fupi zilizobanwa mpaka zikang'ang'aniana. Sufu ya kondoo ina magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, nayo hunasana ikisuguliwa kwenye maji moto ya sabuni. Fetrini ya sokoni mara nyingi ni ya plastiki, na hiyo hushikanishwa na mashine yenye sindano nyingi za meno madogo. Zote mbili unazikata upendavyo, na ukingo unabaki safi. Bila sifa hiyo, kila petali ingehitaji kushonwa pindo.

Ukikosa fetrini, tafuta sweta kuukuu la sufu tupu, ulifue kwa maji moto na kulisugua hadi lisinyae na kuwa gumu. Kwanza choma uzi mmoja. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopondeka. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, hilo ni la plastiki na halitasinyaa hata ulifue juma zima.

Kitako, yaani duara la kubebea maua, kikate kwenye katoni: upana wa nje sentimita 30, tundu sentimita 20. Kata viwili, uvigundishe huku mistari ya ndani ya kimoja ikikatana na ya kingine, kisha uviwekee vitabu vizito juu usiku kucha. Gundi ya maji hulowesha katoni upande mmoja, na bila uzito itakauka imepinda kama kigae. Majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa na kufungwa kamba nayo yanafaa kuwa kitako, na kwa macho yetu yanapendeza zaidi, hata ukiacha sehemu bila maua.

Kwa kujaza duara hilo lote, vipande vinne vya sentimita 20 kwa 30 vinatosha: viwili kwa mawaridi makubwa 12, kimoja kwa madogo 10, kimoja cha kijani kwa majani 20 hivi. Unene uwe milimita 1 hadi 1.5. Nyembamba zaidi hulegea, na ya milimita 3 ni ngumu kuviringa.

Waridi huanza kama duara la sentimita 10, au 6.5 kwa dogo. Chora kwa chaki upande wa nyuma, maana wino wa kalamu hupenya. Kata kwa kuzunguka kama ganda la konokono kuelekea katikati, utepe wa sentimita 1.5 (kwa dogo, sentimita 1), ukiacha kitovu chenye upana wa sentimita 2 hivi. Ukingo wa nje uwe na mawimbi, la sivyo utapata kitu kama bendeji iliyoviringwa. Zungusha kitambaa, si makasi. Makasi yaliyokwisha kukata karatasi hutafuna fetrini, kwa hiyo tenga ya kitambaa pekee.

Viringa kuanzia ncha ya nje: mizunguko miwili ya kwanza ibane, inayofuata ilegee. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukingo wa chini usipokuwa sawa, waridi hupanda juu kama mnara, basi viringa ukiwa umeugusisha mezani. Na ukiweka gundi mwishoni tu, litafunguka kama springi. Weka tone mwanzoni, kisha paka chini yote na ukunje kitovu juu yake, ili kila mzunguko ushikwe.

Pistole ya gundi moto, kifaa cha umeme kinachoyeyusha gundi, ni ya haraka, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, sindano na uzi havikuangushi. Mishono mitatu inayopita chini ya waridi inatosha. Usinyooshe fetrini ya plastiki kwa pasi kali, itasinyaa au kuyeyuka.

Panga maua yote juu ya kitako kabla ya kugundisha hata moja: makubwa kwanza, madogo yazibe mianya, majani yachomekwe chini yake. Utepe wa kutundikia uzungushe kitako chenyewe. Ukiugundisha kwenye maua, uzito utayang'oa.

Litundike ndani. Barazani, mvua za Bukavu zitalainisha katoni, na jua litafifisha rangi. Vumbi liondoe kwa brashi kavu, usifue shada.