Sigara ya Kwanza ya Asubuhi: Pa Kuanzia Unapotaka Kuacha

Katika kliniki ya kifua ninakofanya kazi hapa Moshi, kila mvutaji namuuliza swali moja kabla sijamuuliza anavuta ngapi kwa siku: ukishaamka, unakaa muda gani mpaka uwashe ya kwanza? Mzee mmoja aliyeteremka kutoka Kibosho alinijibu, "Daktari, kabla sijatafuta ndala."

Jibu hilo linaniambia mengi kuliko idadi ya pakiti. Nikotini ikiingia mwilini kwa moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, lakini haikai. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyobaki kwenye damu huwa imeondoka. Aliyevuta ya mwisho saa nne usiku, akiamka saa kumi na mbili asubuhi damu yake imebaki karibu tupu, na ubongo uliozoea unaanza kudai. Anayeweza kunywa chai, kuoga na kufika kazini bila kuvuta ana uraibu mwepesi. Anayewasha ndani ya nusu saa amefungwa zaidi. Na yule wa kabla ya ndala ndiye ninayetaka asijaribu kuacha peke yake.

Naanza hapa kwa sababu watu wetu wengi huacha sigara kwa kuapa. Anaapa mwaka mpya, anaapa Kwaresma ikianza, anaapa mbele ya mkewe baada ya kukohoa usiku kucha. Siku ya tatu yuko kibandani ananunua moja, na moyoni anajihukumu kuwa hana msimamo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, yanayofanikiwa ni kama 4 tu. Basi aliyeshindwa kwa njia hiyo yuko pamoja na wengi, na hakushindwa kwa udhaifu wa tabia. Kiapo si kibaya, ila hakitibu alosto, yaani mateso ya mwili uliozoea nikotini ukiikosa.

Hiyo alosto ina ratiba yake, na kuijua ni nusu ya kazi. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupanda, na huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Kisha hushuka taratibu kwa wiki mbili mpaka nne. Utakuwa na hasira za karibu, usingizi wa kukatika, njaa isiyoisha, akili isiyotulia kwenye jambo moja. Wengine hufunga choo. Wengine hukohoa zaidi wiki za mwanzo, wakadhani kuacha kumewadhuru, kumbe ni vijinywele vidogo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelazwa na moshi vinaamka na kufagia uchafu. Hamu yenyewe haiji mfululizo, huja kama wimbi na kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache. Kunywa maji taratibu, vuta pumzi ndefu, inuka utembee mpaka lipite. Na waambie wa nyumbani mapema: "Siku tatu hizi nivumilieni." Mke au mama aliyeambiwa hatakasirikia hasira ambayo alishaitarajia.

Kabla ya siku ya kuacha nawapa watu kazi ya wiki moja. Andika kila sigara: saa ngapi, mahali gani, ulikuwa na nani. Kijana mmoja wa bodaboda alirudi na karatasi yake, akagundua kwamba kati ya sigara kumi za siku, saba zilikuwa za kijiweni akisubiri abiria. Hakuweza kuhama kijiwe, maana ndiko anakopatia riziki. Alichofanya ni kuacha kubeba kiberiti, na kuhamia upande wa pili alikokaa mama anayeuza machungwa. Akawa anamenya chungwa kila wenzake wanapowasha. Mikono ilihitaji kazi, na kazi ikapatikana.

Kuna jambo ambalo ushauri mwingi ulioandikwa kwa nchi nyingine haulioni. Unaambiwa utupe pakiti zote zilizomo nyumbani, wakati mvutaji wetu hana pakiti nyumbani. Ananunua moja moja, kibandani, mara tano kwa siku. Stoo yake ni kile kibanda. Kwa hiyo nenda kwa muuzaji na useme wazi: "Mangi, kuanzia Jumatatu usiniuzie hata nikikubembeleza." Ni maneno magumu kutamka mbele ya watu, lakini nimeona yakiwasaidia watu ambao walishindwa kila kitu kingine. Mwenye duka anayekujua toka utotoni hupenda kuwa upande wako.

Watu huniuliza kama wapunguze taratibu au wakate mara moja. Ushahidi unaelemea kukata mara moja, kwa siku uliyoipanga, ndani ya wiki mbili zijazo. Anayepunguza bila tarehe ya mwisho mara nyingi hujikuta akivuta kwa nguvu zaidi hizo chache zilizobaki, akiufuata moshi mpaka kwenye kichungi, na nikotini aipatayo haipungui sana.

Sasa kahawa, na hapa nawaomba watu wa Kilimanjaro na Arusha wasikilize vizuri. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini kuvunja kafeini. Mvutaji anaweza kunywa vikombe vinne na asione kitu. Akiacha sigara, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vile vile vinne vinamwachia kafeini inayoweza kufika karibu mara mbili ya aliyoizoea. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unapotea. Anasema, "Sigara imenishinda," anarudi kuvuta, na kweli anatulia, kwa sababu ini limeharakishwa tena. Siku unayoacha, punguza kahawa iwe nusu. Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, na kwa jinsi mwili unavyobadilika ukiacha, wanaotumia insulini, wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili wamweleze daktari kabla ya kuacha, kwani dozi huenda ikahitaji kurekebishwa.

Pombe ni hadithi fupi: mwezi wa kwanza, kaa mbali na kilabu. Mbege na sigara vimezoeana, na glasi ya pili huondoa kumbukumbu ya mpango wote.

Ramadhani nayo ni nafasi ambayo ningependa isitupotee. Mvutaji anayefunga hukaa zaidi ya saa kumi na tatu bila sigara, mwezi mzima, na hamwambii mtu. Mwili wake umeshaonyesha unaweza. Hatari iko kwenye futari, pale sigara inapotangulia tende. Anayepanga mapema, akaja kuchukua dawa kabla mwezi haujaandama, ana vita fupi kuliko mwingine yeyote.

Kuhusu dawa, hofu ninayokutana nayo zaidi ni hii: "Si nikotini ndiyo sumu, mbona unanipa tena?" Nikotini ndiyo inayofunga. Kinachoua hasa ni moshi, wenye kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Plasta ya nikotini hubandikwa kwenye ngozi kavu kila asubuhi, mahali tofauti na pa jana, na huachia nikotini polepole bila moshi, kisha kipimo hupunguzwa kwa wiki kadhaa. Bigijii ya nikotini ina namna yake, nayo wengi hukosea: usiitafune kama bigijii ya dukani. Tafuna taratibu mpaka ikuwashe kidogo mdomoni, iweke kati ya shavu na ufizi, ngoja, kisha rudia. Usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla yake, la sivyo haitafyonzwa vizuri. Mwenye uraibu mzito hufaidika zaidi akitumia plasta na bigijii pamoja. Kuna pia vidonge, yaani varenikilini na bupropioni, ambavyo huanza kumezwa wiki moja hivi kabla ya siku ya kuacha. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na dawa hizi zimo. Si kila duka la dawa litakuwa nazo, kwa hiyo uliza hospitali au famasi kubwa kabla ya kupanga tarehe. Mjamzito aanzie kliniki ya wajawazito.

Ugoro si daraja la kuachia sigara. Una nikotini ile ile, na huleta saratani ya mdomo. Shisha nayo haichujwi na maji kama vijana wanavyoambiana. Saa moja ya shisha humwingizia mtu moshi mwingi kupita sigara nyingi kwa mpigo.

Wapo wawili ambao nikiwaona wanavuta sinyamazi. Wa kwanza ni mgumu wa mlimani, yaani mbeba mizigo ya wapanda Kilimanjaro. Kaboni monoksaidi ya moshi huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikachukua viti ambavyo vilikuwa vya hewa. Karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile ya Pwani. Kijana anayebeba mzigo wa mgeni huku sehemu ya damu yake imeshakaliwa na moshi anajipandishia mlima juu ya mlima. Habari njema ni kwamba kaboni monoksaidi hutoka upesi: siku moja au mbili bila sigara na damu imejisafisha. Kwa hiyo hata kama hujawa tayari kuacha kabisa, anza siku mbili kabla ya safari, uone unavyopumua.

Wa pili ni mchimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani. Vumbi la mwamba peke yake hujeruhi mapafu na kuyafungulia kifua kikuu mlango, na uvutaji huongeza hatari hiyo hiyo karibu mara mbili. Ukiviweka pamoja, nafasi ya kulala wodini Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, inakuwa kubwa mno. Kama unakohoa wiki mbili au zaidi, pima makohozi kwanza. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu ni bure.

Wazee huniambia wamechelewa. Utafiti wa miaka 50 uliofuatilia madaktari wa Uingereza, uliochapishwa 2004, ulionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa kama miaka 10 ya kuishi, aliyeacha na 50 aliokoa 6, na hata aliyeacha na 60 aliokoa 3. Babu mwenye miaka 60 anajua mwenyewe miaka mitatu ina maana gani kwa wajukuu.

Ukiteleza ukavuta moja, hiyo ni moja. Usiinunulie ya pili kwa sababu "nimeshaharibu." Andika ilikuwa wapi na saa ngapi, kisha endelea na plasta yako na urudi kliniki wiki hiyo hiyo. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja, na yule mzee wa Kibosho jaribio lake la tatu ndilo lililoshika.

Ukija kuniona, njoo na karatasi yako ya wiki moja na dawa zote unazomeza, hata zile za kienyeji. Njoo na mtu mnayeishi naye, kama yupo. Tutapanga tarehe ya kuacha siku hiyo hiyo, na ya kurudi itakuwa siku ya tatu baada ya kuacha.