Kwa nini baragumu la Alps linatoa "fa" ambayo haipo kwenye piano?

Kuna baragumu moja refu sana la mbao huko milimani Uswisi, wenyewe wanaliita Alphorn, mpigaji anasimama malishoni na mdomo mpana wa baragumu umelala kwenye majani mita tatu na kitu mbele yake. Ukilisikiliza kwa makini kuna noti moja itakushtua. Sauti inapanda vizuri tu, do, re, mi, halafu inayofuata inakaa mahali pa ajabu, imeipita fa ila haijafika kwenye kitufe cheusi kinachofuata, iko katikati kabisa. Aliyeimba kwaya ya do-re-mi ataisikia hapohapo.

Mi kwa muda mrefu niliamini mpigaji amekosea. Baadaye nikaambiwa ni mbao, kwamba baridi ya mlimani na unyevu vinaipinda, nikaliamini na hilo, na nimeliona likirudiwa mara nyingi kiasi kwamba naona bora tulimalize kwanza.

Si mpigaji. Wasikilize kumi wamejipanga mstari mmoja, wote wanatua palepale, na watu kumi hawawezi kukosea kwa kipimo kilekile kila siku. Si baridi pia, kwa sababu baridi ikishusha sauti inazishusha noti zote pamoja, haiwezi kuchagua fa peke yake ikaziacha jirani zake. Na mbao nayo haihusiki: siku hizi kuna mabaragumu ya kaboni, mepesi, ya kubeba safarini, na noti ile ipo vilevile. Tarumbeta za shaba za Ulaya za zamani zilikuwa nayo hiyohiyo, mpaka vali zikabuniwa huko Ujerumani (hataza yake ni ya 1818) na tarumbeta ikapata njia ya kubadilisha urefu wa bomba lake. Baragumu la Alps halikuwekewa vali, wala halina tundu hata moja la kidole. Ni bomba tupu, na siri yote imo humo.

Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mti, shika nyingine uitikise polepole. Inafanya tumbo moja kubwa, kama ile ya watoto wanayoruka. Ongeza kasi, inavurugika kidogo halafu ghafla inatulia na matumbo mawili. Ongeza tena, matatu. Ila matumbo mawili na nusu hupati hata ufanyeje, kamba inakataa, inarukaruka tu mpaka ufike kwenye idadi kamili. Hewa ndani ya baragumu ina tabia hiyohiyo. Midomo ya mpigaji ndo mkono unaotikisa, anaikaza au anailegeza, na bomba linapokea mitikisiko inayolingana na moja, mbili, tatu, nne na kuendelea. Akijaribu kusimama katikati bomba linamvuta mpaka kwenye namba iliyo karibu, mpigaji mzuri anaweza kuisukuma noti kidogo kwa midomo lakini kuna mahali inagoma.

Sasa zifikirie hizo namba kama ngazi ambayo vipandio vyake havilingani. Huku chini vimeachana mno, kutoka cha 1 hadi cha 2 unaruka oktava nzima, ila kadiri unavyopanda vinasogeleana, na ukifika cha 8 ndo unapata kitu kinachofanana na wimbo: cha 8 ni do, cha 9 re, cha 10 mi, cha 12 so. Fa ya piano ingetakiwa iwe kwenye 10 na theluthi mbili. Kipandio hicho hakipo! Kipo cha 11, basi.

Kwa namba halisi, baragumu la Uswisi la mita 3.4 hivi lina msingi wa mitetemo kama 46 kwa sekunde. Zidisha kwa 8 unapata do ya karibu 370. Fa ya piano juu ya do hiyo ni 494, kitufe kinachofuata ni 523, na baragumu linatoa 509. Yaani kama mtu amepima kwa rula katikati ya vitufe viwili. Kwa hiyo swali la nani kakosea linageuka, maana 509 inatoka kwenye bomba lenyewe na 494 ni makubaliano ya watu. Hata siwa ya Lamu inafuata sheria hiyohiyo ya vipandio, tofauti ni kwamba inapigwa huku chini ambako vimeachana, hivyo suala la fa halijitokezi.

Historia yake kwa kifupi: mwaka 1555 mwanazuoni wa Uswisi Conrad Gessner aliandika kuhusu baragumu refu la mbao alilolikuta mlima Pilatus. Wachungaji walilitumia kuita ng'ombe na kupelekeana habari. Kufikia 1805, kwenye Unspunnen, sherehe ya wachungaji wa milimani, wapigaji walikuwa wamebaki wachache mno, ndo maana 1826 mwanamuziki Ferdinand Huber akapelekwa kijiji cha Grindelwald kufundisha vijana. Umbo la kupinda pale mwisho lilitokana na mti wenyewe, jamii ya msonobari unaoota kwenye mteremko, theluji inaulalia ukiwa mchanga, unainama halafu unajinyanyua kutafuta juu, shina linabaki na kiwiko. Fundi anaupasua katikati kwa urefu, anachimba kila upande mpaka ubaki ukuta mwembamba, anaunganisha tena na kuuzungushia henzirani.

Kinachonishangaza zaidi kipo bonde la Muotathal, jimbo la Schwyz. Kule watu wanaimba jodel yao ya zamani (jodel ni uimbaji wa milimani wa kurukaruka kati ya sauti nzito na nyembamba), wanaiita Juuz, na ndani yake wanaimba noti hiyohiyo ya 11. Koo la mtu halina vipandio, linaweza kuimba fa yoyote, na wao wanachagua ile. Mtafiti Hugo Zemp aliwarekodi, sahani ikatoka 1979, na noti inasikika wazi kabisa. Wengi wanasema waliiokota kwenye baragumu, na inaingia akilini kwa sababu bondeni humo kuna Büchel, baragumu lililokunjwa kama tarumbeta. Lakini ushahidi ni mwembamba, nyimbo za karne zile hazikurekodiwa, na inawezekana sikio la watu lilikuwa limeshaipenda noti hiyo kabla, baragumu likaithibitisha tu. Kwingine Uswisi, kwaya za jodel zilipozoea kuimba na akodioni, noti ile ilinyooshwa ikawa fa ya kawaida. Muotathal haikunyooshwa. Ukipata rekodi zao sikiliza pale sauti inapotoka mi kwenda so, wanaitua katikati bila kusitasita, wote kwa pamoja.