El Tri ya gitaa si El Tri ya mpira

Ukitafuta "El Tri" mtandaoni, kwanza utaletewa jezi za kijani na matokeo ya mechi. Ndiyo maana wengi wanaamini bendi ya roki ya Mexico City yenye jina hilohilo ilijipachika jina la timu ya taifa ili ipate mashabiki wa bure. Sivyo. Timu inaitwa hivyo kwa sababu ya rangi tatu za bendera. Bendi nayo ilizaliwa mwaka 1968, Alex Lora na wenzake wakaiita Three Souls in My Mind, jina refu la Kiingereza ambalo vijana wa mitaani hawakuwa na subira nalo. Wakalikata, likabaki neno la kwanza tu, tena kwa ulimi wa Kihispania cha kule, kisicho na sauti ya "th": tri. Mwaka 1984 Lora akakosana na mpiga drams Charlie Hauptvogel. Hauptvogel akabaki na jina refu, Lora akaondoka na lile la mashabiki. Kwa maoni yangu, fungu nono alilipata Lora.

Halafu kuna hili neno "urbano", maana roki ya El Tri huitwa rock urbano. Siku hizi ukilisikia unawaza regeton. Rock urbano ni kitu kingine kabisa: gitaa za bluzi, sauti ya kukwaruza, na hadithi za mitaa kama Nezahualcóyotl, Ecatepec na Iztapalapa, kwa walalahoi wa pembezoni mwa jiji. Bendi za El Haragán y Compañía, Banda Bostik na Liran' Roll zote zimepita njia ambayo Lora alisaidia kuifyeka.

Dhana inayorudiwa zaidi ni kwamba serikali ilitunga sheria ya kupiga marufuku roki baada ya tamasha la Avándaro. Tamasha lilikuwa kweli, Septemba 11 na 12, 1971, karibu na Valle de Bravo. Mpango ulikuwa mbio za magari, muziki uwe wa kuchangamsha tu. Watu wakafurika hadi mbio zikafutwa. Makadirio ni kati ya laki moja na laki tatu, kwenye mvua na matope. Radio Juventud ilikuwa ikirusha moja kwa moja, matangazo yakakatwa baada ya matusi kusikika kutoka jukwaani. Three Souls ndio waliofunga shughuli, Jumapili asubuhi.

Sheria haikutungwa, na wala haikuhitajika. Magazeti yalijaa habari za bangi na uchi, vibali vya maonyesho vikawa havitoki, redio zikaacha kupiga nyimbo za roki. Tukumbuke kwamba Juni ya mwaka huohuo wanafunzi waliuawa barabarani wakiandamana mjini Mexico City; serikali ya Luis Echeverría haikutaka kuona vijana wamekusanyika, hata kwa kucheza.

Roki ikahamia kwenye hoyos fonquis, jina linalotajwa kuwa la mwandishi Parménides García Saldaña. Maana yake ni mashimo, na kweli yalikuwa mashimo: maghala, sinema zilizochakaa, mabanda, vyombo vibovu, joto la kukata pumzi, na polisi ambao wangeweza kuingia wakati wowote. Humo ndimo "Abuso de autoridad" ilipopata wenyewe. Wimbo huo unalalamikia polisi waliozagaa mjini, kisha unapiga kijembe: wanataka kutunyang'anya maonyesho ya roki, atakayeruhusiwa kupiga ni mtoto wa Díaz Ordaz peke yake. Gustavo Díaz Ordaz ndiye aliyekuwa rais kabla ya Echeverría, na mwanawe alikuwa mwanamuziki kweli. Waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo anayesema roki ya Kihispania ya Mexico ilianza na kampeni ya "Rock en tu idioma" (roki kwa lugha yako) katikati ya miaka ya 1980 anahesabu kuanzia kampuni za rekodi zilipofungua mlango. Three Souls walianza kwa Kiingereza, ni kweli, lakini walishageukia lugha ya nyumbani zaidi ya miaka kumi kabla.

Na tusimpe Lora kila kitu. "Metro Balderas", wimbo wa mtu aliyempoteza mpenzi wake katika kituo cha treni za chini ya ardhi, wengi wanaujua kwa sauti ya El Tri na kudhani ni wake. Mtunzi ni Rockdrigo González, aliyefukiwa na kifusi cha nyumba yake katika tetemeko la Septemba 19, 1985, akiwa na umri wa miaka 34. Ukishuka Balderas leo, sanamu utakayoikuta kituoni ni ya Rockdrigo.